Mtoto Aliyemkataa Mama Yake: Uchambuzi wa Kisa cha Mtu Mzima Aliyefarakanishwa na Mzazi

Mhusika wa kisa hiki ni mwanamume wa miaka 37, mhandisi kwa taaluma, aliyekuja kutafuta ushauri nasaha kwa sababu ambazo mwanzoni hazikuonekana kuwahusu wazazi wake hata kidogo. Alilalamika kwamba halali vizuri. Kwamba hawezi kutia saini hesabu za mradi kazini kabla ya kuwauliza wenzake watatu au wanne kama wanaona kile anachokiona yeye. Na kwamba aliachana na mama wa binti yake kwa kosa ambalo, akilitazama sasa, haoni kama lilitosha kuvunja nyumba. Kuhusu mama yake mzazi alisema sentensi moja tu, bila kupandisha wala kushusha sauti, kwamba alimalizana naye utotoni na hana la kumdai. Maelezo ya kisa yameunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa watu wengi wenye historia ya namna hii, na yamebadilishwa vya kutosha ili asitambulike mtu yeyote.

Ninakieleza kwa kirefu kwa sababu kinaweka wazi jambo ambalo mijadala mingi kuhusu watoto wa talaka hulipita haraka. Kukosa mama ni hasara kubwa, lakini wapo wengi waliokua bila mama na wakaishi kwa utulivu. Kilichomharibikia mtu huyu ni imani yake katika kile anachokiona na kukihisi. Akiwa na miaka 8 alianza kujifunza kwamba macho yake si shahidi wa kutegemewa, na kwamba ukweli wa jambo hupimwa kwa kuangalia uso wa mtu mzima anayemtegemea. Somo hilo halikuisha alipohama nyumbani kwa baba.

Jinsi alivyofikia kumkataa

Wazazi walipoachana, mahakama ilimwacha yeye kwa baba, na dada yake aliyekuwa na miaka 13 akaenda na mama, kwa makubaliano kwamba kijana angekwenda kwa mama mwishoni mwa juma, mara moja kila baada ya majuma mawili. Isemwe mapema kwamba mama hakuwa mtu asiye na lawama. Alikuwa mwepesi wa hasira, na baada ya kuondoka alikaa karibu miezi mitano bila kumpigia mwanawe simu, kipindi ambacho dada anakieleza kuwa cha sonona nzito na ambacho baba siku zote alikieleza kuwa cha starehe. Mtoto alikuwa na sababu ya kweli ya kuumia. Katika visa vingi ufarakanishaji, yaani mzazi mmoja kumgeuza mtoto dhidi ya mzazi mwingine, huanzia mahali kama hapo: hulikuta jeraha lipo tayari, ukalizuia lisipone.

Baba hakuwahi kumkataza kwenda, na jambo hili ndilo lililomchanganya mhusika kwa miaka mingi, kwa kuwa alipojaribu kukumbuka katazo hakuliona. Siku ya kwenda kwa mama, begi lilikuwa limeshafungwa na kuwekwa mlangoni tangu asubuhi, na baba alikaa kimya. Mtoto akiuliza, "Baba, niende?" alijibiwa, "Wewe sasa ni mkubwa, amua mwenyewe." Aliporudi aliulizwa maswali ambayo jibu jema halikuwa na pa kukaa: nani mwingine alikuwepo, alikusemesha vibaya, alinitaja? Mtoto akisema kwamba alifurahi, ukimya ulikaa nyumbani siku mbili. Akileta lalamiko, hata la jambo dogo kama kuchelewa kupewa chakula, alikumbatiwa na kuambiwa kwamba yeye ndiye pekee anayemwelewa baba yake. Mtoto yeyote mwenye akili ya kawaida angejifunza upesi cha kuleta. Baada ya muda hakuhitaji kuulizwa. Alirudi na malalamiko yaliyokwisha kupangwa, na baba akayaandika katika daftari pamoja na tarehe.

Akiwa na miaka 11 aliandika barua kwa afisa aliyefuatilia utekelezaji wa amri ya mahakama, akisema hataki tena kwenda kwa mama. Nakala yake ameiona akiwa mtu mzima. Mwandiko ni wa mtoto, mistari imepinda, lakini katikati kuna maneno "hana uthabiti wa kihisia", na mwishoni kuna sentensi iliyopigiwa mstari: "Hakuna mtu aliyeniambia niandike haya." Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Richard Gardner, aliyelipa jambo hili jina la 'parental alienation syndrome', yaani maradhi ya kufarakanishwa na mzazi, mwaka 1985, alizitaja dalili hizo mbili, yaani maneno ya kuazima na msisitizo wa mtoto kwamba uamuzi ni wake peke yake, miongoni mwa nane alizoziorodhesha. Nyingine zinaonekana pia katika kisa hiki: kumsema mzazi vibaya bila kikomo, sababu nyepesi za kumchukia, kukosa hata chembe ya hisia mchanganyiko, kumtetea mzazi mmoja kwa kila jambo, kutojuta, na chuki kuenea kwa ndugu wa upande uliokataliwa. Kwa dalili hiyo ya mwisho mhusika alimpoteza dada yake pia, ambaye hakuwa amemkosea lolote isipokuwa kuishi na mama.

Ziara zilikoma. Mama aliendelea kupiga simu kwa miaka mingine mitatu, kisha akabaki kutuma salamu za siku ya kuzaliwa. Mhusika akiwa na miaka 17, mama alikuja bila kualikwa kwenye mahafali yake ya shule, akasimama karibu na lango. Kijana alimwona, akamtazama baba, kisha akapita mbele ya mama yake kama anayempita mtu asiyemjua. Nitarudi kwenye tukio hili, kwa sababu lina uzito mkubwa kuliko yote.

Je, alikuwa na haki ya kumkataa?

Hakuna uchambuzi wa maana unaoweza kuendelea bila kujibu swali hili kwanza. Mtoto anaweza kumkataa mzazi kwa sababu mzazi huyo alimpiga, alimnyanyasa au alimtelekeza, na hapo kukataa ni kujilinda. Watafiti wa Marekani Joan Kelly na Janet Johnston walisisitiza tofauti hiyo mwaka 2001. Walionyesha kwamba mahusiano ya watoto na wazazi baada ya talaka hutofautiana kwa ngazi, kuanzia mtoto anayewapenda wote wawili, kupitia anayemwelekea mmoja zaidi, hadi anayemkataa mzazi kwa sababu za kweli na yule anayemkataa kwa ukali usiolingana na kilichotokea.

Dhana ya Gardner yenyewe imepingwa vikali, na si bila sababu. Haimo katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani liliondoa neno 'parental alienation' kwenye faharasa ya uainishaji wake wa magonjwa mwaka 2020. Mwaka 2023 Reem Alsalem, Mtaalamu Maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake na wasichana, alipendekeza nchi zizuie matumizi yake katika kesi za malezi, kwa kuwa wazazi wenye ukatili wameitumia kama ngao: mama akileta malalamiko ya kupigwa, hujibiwa kwamba anamjaza mtoto maneno. Brazili, iliyotunga sheria mahususi kuhusu jambo hili mwaka 2010, imekuwa na mvutano mkali juu ya matokeo ya sheria hiyo. Kwa maoni yangu mabishano juu ya jina hayafuti ukweli kwamba wapo wazazi wanaowageuza watoto wao dhidi ya mzazi mwingine. Mwenendo huo unaweza kuchunguzwa hatua kwa hatua bila kuuita ugonjwa wa mtoto.

Katika kisa hiki tulitafuta dalili za ukatili kwa mama kabla ya kutafuta kingine chochote. Vyanzo vilikuwa vitatu: kumbukumbu za mhusika, maelezo ya dada, na maelezo ya shangazi, dada wa baba, ambaye hakuwa na sababu ya kumpendelea wifi yake. Kulikuwa na hasira, makelele, na ile miezi mitano ya ukimya. Kipigo hakikutajwa na yeyote, hata na baba katika daftari lake. Kosa la mama lilikuwa la kweli na lingeweza kuzungumzwa, kusamehewa au kutosamehewa. Lakini halikulingana na adhabu ya miaka 26.

Kumbukumbu isiyokuwa yake

Mhusika alikuwa na ushahidi mmoja aliouona kuwa hauna jibu. Alisema alimwona mama akimrushia baba birika la maji ya moto. Alieleza rangi ya vigae, mvuke ulivyopanda ukutani, na baba alivyojikinga uso. Alikuwa ameisimulia habari hii kwa marafiki, kwa mchumba, na hata kwa daktari mmoja wa usingizi. Nilimuuliza ulikuwa umesimama wapi. Alianza kujibu, akanyamaza. Alipojaribu tena alisema anauona mgongo wa mama na uso wa baba, na anajiona yeye mwenyewe mlangoni, kwa mbali, kama mtu aliyeko darini.

Jioni ile alimpigia simu shangazi yake. Shangazi akamwambia kwamba tukio lilikuwepo, katika nyumba waliyoihama yeye akiwa hajatimiza mwaka mmoja, na kwamba birika lilianguka wakati wazazi wote wawili wakilivuta, kila mmoja kwake. Mhusika alikuwa kitandani, chumba kingine.

Hakuna haja ya kufikiri kwamba baba alitunga uongo kwa makusudi. Inawezekana aliisimulia kama alivyoikumbuka, mara nyingi, mbele ya mtoto aliyekuwa akisikiliza kwa bidii. Mwaka 1995 Michelle Leichtman na Stephen Ceci walichapisha jaribio lililofanywa na watoto wa umri wa chekechea. Baadhi yao walielezwa kabla, mara kwa mara, kwamba mgeni aitwaye Sam Stone ni mtu mzembe anayeharibu vitu. Mgeni alikuja, akasalimia, akaondoka bila kugusa kitu. Baadaye watoto waliulizwa maswali yenye kuwaelekeza kuhusu kitabu kilichochanika na dubu wa kuchezea aliyechafuliwa, na wengi wa wadogo zaidi wakasema ni yeye, baadhi wakidai walimwona kwa macho yao. Watoto wale walisikia kwa majuma machache maneno kuhusu mtu wasiyemjua. Mhusika wetu alisikia kwa miaka kumi, kutoka kwa mtu aliyempa chakula na kumlaza usingizi.

Alichobaki nacho

Athari iliyomleta, yaani kushindwa kuamua, ilieleweka zaidi baada ya simu ile. Hesabu zake kazini zilikuwa sahihi, na wakubwa wake walimwambia hivyo. Lakini kila alipotakiwa kusema "ninaona hivi", kitu ndani yake kiligeuka kutafuta uso wa mtu mwingine kwanza, kama alivyoutafuta uso wa baba pale langoni. Hilo si woga wa kazi, na ndiyo maana mafunzo ya kujiamini aliyolipiwa na mwajiri hayakumsaidia.

Katika mapenzi hali ilikuwa kali zaidi. Mama wa binti yake alimkopesha kaka yake fedha bila kumwambia. Mhusika hakugombana naye wala hakuuliza. Alifungua ukurasa kwenye simu yake na kuanza kuandika makosa yake kwa tarehe, yakiwemo ya miaka ya nyuma, na orodha ilipokuwa ndefu akahama. Alipoisoma kwa sauti mbele yangu alisita katikati na kusema, "Hili ni daftari la Baba." Hakuwa amewahi kuona nyumbani mtu akimkasirikia mwenzake na bado akaendelea kumpenda. Alichofundishwa ni kwamba mtu akishakosea amekwisha, na kilichobaki ni kukusanya ushahidi.

Mtafiti wa Marekani Amy Baker, aliyefanya mahojiano na watu wazima 40 waliojiona kuwa walifarakanishwa na mzazi utotoni na kuyachapisha mwaka 2007, alikuta mambo yanayofanana na haya: kujidharau, sonona, matumizi ya pombe na dawa za kulevya, kutoamini watu, ndoa zilizovunjika, na wengine kutengana na watoto wao wenyewe. Ni lazima kukumbuka kwamba watu hao walijitokeza wenyewe kwa sababu walikuwa wameumia, kwa hiyo utafiti wa aina hiyo hauwezi kutuambia ni watoto wangapi hupita katika hali hii na kutoka salama. Unachofanya vizuri ni kueleza maumivu yana sura gani yanapokuwepo, na moja ya sura hizo ni hatia.

Hapa ndipo tukio la langoni linaporudi. Mtoto aliyefiwa na mama huomboleza, na watu humzunguka. Mtoto aliyeachwa na mama hukasirika, na hasira yake ina pa kwenda. Huyu hana kimojawapo, kwa sababu kwa kumbukumbu yake mwenyewe yeye ndiye aliyemwacha. Pauline Boss wa Marekani, ambaye tangu miaka ya 1970 ameandika juu ya hasara zisizo na mwisho unaojulikana, ambamo mtu hayupo lakini hajafa, ameonyesha jinsi majonzi ya namna hiyo yanavyogandisha maisha kwa kukosa desturi ya kuyafunga. Katika kisa hiki majonzi yaligandishwa zaidi na swali ambalo mhusika alilirudia kila mara: "Kama nilidanganywa, mbona miguu iliyompita ilikuwa yangu?" Kumjibu haraka kwamba hana kosa kwa kuwa alikuwa mtoto hakukumtuliza, aliona ananyang'anywa tena kile anachokijua. Kilichomsaidia ni kuitazama hali ile kwa makini: kijana wa miaka 17, asiye na kipato wala makao mengine, ambaye kumsalimia mama kungemgharimu nyumba. Alichagua, na uchaguzi wake ulikuwa finyu mno. Mambo yote mawili yalikuwa kweli, na kuyashika pamoja ndiyo kazi ambayo hakuwahi kuruhusiwa kuifanya.

Hatari ya kugeuza upande

Baada ya kujua habari ya birika, mhusika aliacha kupokea simu za baba yake, akafuta picha zake, na kuanza kukumbuka makosa yake moja baada ya jingine. Ndugu kadhaa walimpongeza kwamba hatimaye amefumbuka macho. Binafsi niliona ni maradhi yale yale yaliyohamia upande wa pili: mzazi mmoja safi, mmoja mchafu, na mtoto katikati akithibitisha utiifu wake kwa kumtupa mwingine. Baba huyu alimdhuru, na hilo halipunguzwi. Vilevile ndiye aliyekesha naye alipougua, na aliyemfundisha hesabu ambazo leo zinampatia riziki. Mhusika alipoweza kusema mambo hayo mawili katika sentensi moja, bila kukimbilia kufuta mojawapo, usingizi wake ulianza kurudi, jambo ambalo mimi sikulitarajia kuja mapema hivyo.

Kukutana na mama hakukusukumwa. Vikao vya kwanza vya maridhiano mara nyingi huharibika kwa sababu mzazi aliyekataliwa anasubiri kuombwa radhi na mtoto mtu mzima anasubiri kuelezwa, na kila mmoja hutoka na uthibitisho wa alichokishuku. Kabla ya kukutana, mhusika aliandaa maswali mawili tu, moja likihusu miezi mitano ya ukimya. Mama alilijibu kwa kulia, kisha kwa kujitetea, kisha, baada ya dada kuingilia kati, kwa ukweli: alikuwa mgonjwa na aliona aibu kuonwa na mwanawe katika hali ile. Mhusika alitoka akiwa amekasirika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hasira hiyo haikumfanya aondoke moja kwa moja. Wamekutana mara chache tangu hapo. Mazungumzo yao ni ya adabu, yenye mapengo marefu, na hakuna anayejua kama yatakuwa zaidi ya hapo. Miaka waliyoipoteza haikurudishwa na kukutana huko, na mama, ambaye anataka sana irudishwe, anaumia kwa hilo kuliko mwanawe.

Kilichokuwa na haraka zaidi ni binti yake wa miaka 6, ambaye naye hukaa kwa zamu kati ya nyumba mbili. Mhusika aligundua kwamba mtoto akirudi kutoka kwa mama yake na kuanza kusimulia kwa furaha, yeye hugeuka na kuanza kupanga vyombo. Hakusema neno baya hata moja juu ya mzazi mwenzake, na alijivunia hilo. Tulikubaliana kwamba mtoto akirudi angekaa chini, amwache amalize, na amuulize swali moja ambalo jibu lake jema linakaribishwa. Alieleza kwamba mara ya kwanza mikono ilimtetemeka. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 9, unampa mtoto aliyetengana na mzazi haki ya kudumisha uhusiano na kuonana naye mara kwa mara isipokuwa pale ambapo ni kinyume na maslahi yake. Lakini amri ya mahakama inaweza tu kumfikisha mtoto mlangoni. Baba yake mhusika aliitii amri hiyo kwa miaka mitatu, herufi kwa herufi.

Vikao viliposimamishwa, kazini alikuwa bado anauliza maoni ya mwenzake mmoja kabla ya kutia saini, na alisema hana uhakika kama ni tahadhari ya kawaida ya mhandisi au ni mabaki ya yale ya zamani. Kwa baba alikuwa amerudi kupokea simu, ila alikuwa hajamwambia anachokijua, na bado alikuwa anapima kama mzee mwenye umri ule angekisikia kama swali au kama usaliti.